Kisima, Paa na Mjeledi: Hadithi za Watoto na Mafunzo ya Wema

UTANGULIZI

Kauli ya kwamba hadithi za watoto hufunza maadili imerudiwa mara nyingi katika uhakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki hata imekosa wa kuihoji. Hutajwa katika dibaji za vitabu vya ngano na katika miongozo ya walimu, na mwanafunzi wa fasihi simulizi huiandika katika jibu lake la kwanza kabla hajafikiri. Lakini kauli hiyo haielezi jambo lililo muhimu zaidi kwa mwalimu, yaani ni kwa njia gani hadithi humfanya mtoto awe mwema. Je, ni kwa funzo linalotamkwa mwishoni, au ni kwa tendo linalosimuliwa katikati? Na ikiwa shujaa wa hadithi ni laghai, kama sungura alivyo mara nyingi, mtoto atautoa wapi wema?

Makala haya yanakusudia kulijadili swali hilo kwa kuzingatia hadithi tatu: ngano ya sungura na kisima, hadithi ya paa iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870, na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1952. Hadithi hizi hazina asili moja. Ya kwanza ni mali ya watu wengi wa Afrika, ya pili ilisimuliwa Unguja, na ya tatu ni kazi ya mtunzi mmoja anayejulikana. Zinaletwa pamoja kwa sababu mtoto mmoja anaweza kukutana nazo zote kabla hajamaliza shule. Kwa ajili ya mjadala huu, mtoto huyo ni mtoto wa Kyumbi.

KYUMBI NA LUGHA ZAKE MBILI

Kyumbi ipo Machakos, pale njia iendayo mji wa Machakos inapoachana na barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Ni mahali pa soko na pa magari. Lugha ya nyumbani kwa wenyeji walio wengi ni Kikamba. Lugha ya wapitao njia, ya madereva na ya wachuuzi wanaowakimbilia, ni Kiswahili. Mtoto anayekulia hapo huzipata lugha zote mbili mapema, na kila moja humjia na hadithi zake.

Mkutano huu wa lugha si wa jana. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilipeleka pembe za ndovu pwani, na Kivoi wa Kitui, mfanyabiashara mashuhuri wa zama hizo, alifahamiana na Krapf wa Rabai kabla ya kuuawa mwaka 1851. Mwaka 1889 kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilijenga kituo chake Machakos, na kituo hicho kilikuwapo kabla ya mji wa Nairobi. Hivyo basi, si ajabu kuwa sungura wa Ukambani na sungura wa pwani wana hila zinazofanana, ingawa hakuna haja ya kudai kwamba mmoja alimzaa mwingine.

Ngano za Wakamba zimebahatika kuandikwa mapema. Gerhard Lindblom, mtaalamu Mswidi aliyekaa Ukambani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, alichapisha mkusanyo wake kwa Kikamba pamoja na tafsiri. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alitoa Akamba Stories mwaka 1966. Kazi hizi mbili zimehifadhi mengi ambayo yangepotea. Hata hivyo zimehifadhi maneno kuliko tukio. Hadhira iliyoitikia, iliyocheka na iliyomkatiza msimulizi haimo katika kurasa, wala haikuwezekana imo. Jambo hili litaonekana kuwa na uzito baadaye, kwa maana sehemu kubwa ya mafunzo ya ngano ilikuwa katika hadhira hiyo.

SUNGURA WA KISIMANI

Ngano ya sungura na kisima hujulikana katika sehemu nyingi za bara hili, nayo ina sura nyingi. Kiini chake ni hiki: ukame umeingia, wanyama wanakubaliana kuchimba kisima, sungura anakataa kuchimba. Maji yanapopatikana anakatazwa kunywa, naye anawadanganya walinzi mmoja baada ya mwingine, anakunywa, na pengine anayachafua maji kwa kuoga. Hatimaye ananaswa, mara nyingi na kobe aliyepakwa ulimbo mgongoni. Katika sura nyingine huadhibiwa. Katika nyingine huwahadaa waliomkamata na kutoroka.

Vitabu vya shule hupenda kuifunga ngano hii kwa sentensi moja inayosema kwamba uvivu ni mbaya au kwamba tushirikiane katika kazi. Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini haitokani na hadithi. Hadithi yenyewe humpa sungura kila kitu kizuri: maneno matamu, akili, na kicheko cha wasikilizaji. Mwenye kuisikiliza kwa haki atakiri kwamba fisi na walinzi wenzake ndio wanaochekwa, ilhali wao ndio waliochimba. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya fasihi simulizi ya Afrika, alikwisha tahadharisha dhidi ya kuzidhania ngano zote za Afrika kuwa ni mahubiri. Ngano ya kisima ni ushahidi mzuri wa tahadhari hiyo.

Je, basi haifunzi? Hufunza, lakini ni lazima izingatiwe inapofunzia. Machakos ni nchi ya mvua chache. Maji ya wengi yametoka, na kwingine yangali yanatoka, katika mashimo yaliyochimbwa kwenye mchanga wa mito iliyokauka. Kazi ya namna hiyo, kama kazi ya kutengeneza matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, imefanywa kwa miaka mingi na mwethya, yaani kikundi cha majirani wanaosaidiana kwa zamu bila ujira. Mtoto ambaye mama yake amerudi jioni kutoka mwethya akiwa na malengelenge viganjani hahitaji kuelezwa kisima ni nini. Anaposikia kwamba sungura ameoga katika maji hayo, hucheka kwanza, kisha kicheko kinamkwama. Mashaka hayo ndiyo funzo. Amempenda sungura kwa akili yake, na papo hapo anamwona mama yake miongoni mwa waliodhulumiwa.

Lakini ngano hii ina swali jingine ambalo sentensi ya mwisho ya kitabu hulifunika kabisa. Sungura alikataa kuchimba. Je, anyimwe maji mpaka afe kwa kiu? Wanyama hawakuwa na shaka, na sheria yao ni ya haki: asiyechimba hanywi. Wema huanza pale ambapo haki imekwisha kusema neno lake. Kikamba kina neno tei kwa hisia hiyo ya kumwonea mtu huruma, na neno hilo halimwulizi anayeteseka kama alichimba. Mwalimu akiliuliza darasa lake swali hili, hatapata jibu moja, na hilo ni jambo jema. Watoto wengine watasema sungura apewe maji kisha achimbe kesho. Wengine watasema akipewa leo hatachimba kamwe. Wote watakuwa wamefanya kazi ambayo sentensi ya kitabu iliwanyang'anya.

PAA ALIYEKUFA

Kutoka kwenye kisima cha wanyama tunafika kwenye kisima kingine. Katika Swahili Tales Steere alichapisha hadithi ya Sultani Darai, ambayo baadaye, mwaka 1901, Andrew Lang aliwasimulia watoto wa Uingereza kwa Kiingereza. Maskini anayechakura jaani anaokota thumni moja na kununua paa. Paa huyo ana uwezo wa kusema, na kwa werevu na ushujaa wake anamtajirisha bwana wake, anamwoza binti wa sultani, na anamuua nyoka wa vichwa saba ili bwana wake apate jumba. Kisha paa anaugua. Anamtuma mwanamke mzee kwa bwana kumwarifu hali yake, na bwana anajibu kwa ukali, akiamuru mgonjwa apikiwe uji wa mtama. Mke wa bwana huyo anamsihi mumewe na kumhurumia paa, lakini bwana hasikii. Paa anakufa, naye anaamuru maiti yake itupwe kisimani. Mwishoni bwana anaota kwamba yumo jaani akichakura kama zamani, na anapoamka ni kweli.

Msomaji wa haraka atasema kwamba hadithi hii ni ya malipo: mtovu wa fadhila amerudishwa alikotoka. Ni kweli kwamba mwisho ni huo, na watu wa pwani wana methali nyingi za kuushuhudia. Lakini uzito wa hadithi hauko katika mwisho. Uko katika kwenda na kurudi kwa yule mwanamke mzee. Hadithi haina haraka hapo. Kila ujumbe unapelekwa, kila jibu linarudishwa kwa mgonjwa, na msikilizaji hulazimika kukaa kando ya kitanda cha paa akisubiri. Kwa muda huo mtoto hajui kama bwana ataadhibiwa. Anachokijua ni uchungu wa kupelekewa uji wa mtama na mtu uliyempa jumba.

Kuna jambo la pili. Wema wa paa haukulipwa. Alitenda, akafa, akatupwa. Waliofanyiwa ihsani na waliomlilia ni watu wengine, na hata mazishi ya heshima aliyoyapata baadaye hakuyaona. Hapa hadithi hii ya kale inatofautiana sana na hadithi nyingi ambazo zimeandikwa kwa makusudi ya kuwafunza watoto tabia njema. Katika hizo, msichana anayemsaidia ajuza mchovu hugundua kwamba ajuza ni tajiri au malkia. Mvulana anayerudisha mkoba uliopotea hupewa karo ya shule. Watunzi wake wana nia njema. Lakini hadithi ya aina hiyo, ikisimuliwa tena na tena, humfunza mtoto kwamba wema ni biashara yenye faida, na kwamba ajuza asiye malkia amepoteza wakati wa msaidizi wake. Methali husema, tenda wema nenda zako. Hadithi hizi husema, tenda wema ungoje.

Mtoto wa Kyumbi anaishi kando ya barabara ambayo watu hupita na hawarudi. Abiria aliyeonyeshwa njia leo hataonekana tena. Dereva aliyeletewa maji gari lilipoharibika ataondoka likishatengenezwa. Ikiwa wema ni mkopo, basi hapo barabarani ni upumbavu, na mtoto atakuwa na haki ya kuuacha. Hadithi ya paa inamfaa kuliko hadithi za tuzo kwa sababu inamwonyesha wema uliobaki kuwa wema hata ulipopotea bure.

MJELEDI WA ADILI

Adili na Nduguze ni kitabu ambacho kimesomwa shuleni kwa vizazi kadhaa, na nia ya mtunzi haina siri. Majina yenyewe hutangaza: Adili ndiye mwema, na ndugu zake ni Hasidi na Mwivu. Ndugu hao wanataka kumwangamiza. Jini anamwokoa na kutaka kuwaua. Adili anawaombea, na badala ya kufa wanageuzwa manyani. Kwa amri ya jini, Adili hulazimika kuwapiga mijeledi kila usiku.

Mhakiki anaweza kuwa na lawama hapa, na ni ya haki. Jina likishahukumu, tendo halina la kuthibitisha. Mtoto hapati nafasi ya kujiuliza kama Hasidi ana sababu yoyote, kwa kuwa hasadi imeandikwa juu ya paji la uso wake tangu ukurasa alipotajwa. Namna hii ya kuwaumba wahusika ni ya zamani nayo ina heshima yake katika fasihi ya Kiswahili, ambamo Shaaban Robert aliitumia kwa ustadi kufikisha falsafa kwa watu wazima. Lakini kwa mtoto, ina hatari ya kumzoeza kwamba watu waovu hujulikana kwa majina, na kwamba yeye, kwa kuwa haitwi Hasidi, amesalimika.

Kinachokiokoa kitabu hiki ni mjeledi. Mtunzi angeweza kumwachia jini adhabu hiyo. Badala yake aliuweka mjeledi katika mkono wa mtu mwema kuliko wote, akamfanya awapige ndugu zake aliowaombea uhai, bila kutaka. Hakuna jina linaloweza kuijibu hali hiyo. Je, Adili atii? Akikataa, nani ataumia? Mtu anaweza kumwadhibu ndugu yake na bado akampenda? Haya ni maswali ambayo mtoto yeyote aliyewahi kuchapwa huyaelewa kwa ngozi yake, na katika Kenya, ambako adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku mwaka 2001, ni maswali ambayo mwalimu naye hana budi kujiuliza anapokifungua kitabu mbele ya darasa. Pale ambapo hadithi ya Adili inafunza wema, inafunza kwa kumtia mwema katika taabu. Kumwita mwema tu kusingetosha.

FUNZO LIANDIKWALO MWISHONI

Hadithi hizo tatu, kila moja kwa namna yake, zinaelekea jambo moja. Hadithi humfunza mtoto wema inapomfanya akae pamoja na aliyedhulumiwa kwa muda mrefu kuliko anavyopenda, kisha ikamwachia hukumu. Funzo linaloandikwa mwishoni huvunja masharti yote mawili. Humwondoa mtoto kando ya kitanda cha paa, na humpa hukumu iliyokwisha katwa na mtu mwingine.

Yapo mapokeo ya Waswahili wenyewe yanayounga mkono hoja hii. Fanani wa pwani humaliza hadithi yake kwa kusema kwamba ikiwa ni nzuri, uzuri wake ni wa wote, na ikiwa ni mbaya, ubaya wake ni wa msimulizi peke yake. Huu si mtindo mtupu wa kuaga. Ni kukiri kwamba maana ya hadithi ni mali ya hadhira, na kwamba msimulizi hana mamlaka ya kuwatangazia wenzake walichokisikia. Kitabu cha shule kinachomaliza kwa funzo kimeugeuza utaratibu huo: uzuri umekuwa wa kitabu, na mtoto akikosea jibu ubaya ni wake.

Shule imeongeza uzito wa kosa hili. Swali la hadithi hii inatufunza nini lina jibu linalojulikana, na mtoto mwepesi hulitoa bila kuisoma hadithi. Mwongozo wa mtaala wa Kenya wa mwaka 2017 uliorodhesha maadili ya kukuzwa kwa mwanafunzi, yakiwamo upendo, heshima, uwajibikaji na uadilifu. Orodha hiyo haina kasoro. Kasoro huja pale ambapo hadithi hutungwa au hukatwa ili kujaza nafasi katika orodha: moja ya heshima, moja ya upendo. Mtoto hutoka na msamiati wa wema, na kwa kuwa anaujua msamiati, yeye na mwalimu wake huamini kwamba wema wenyewe umefika.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo haifai kupuuzwa. Inaweza kusemwa kwamba ngano ya zamani haikuhitaji funzo la kutamkwa kwa sababu wasikilizaji wote walikuwa wa jamii moja, nao waliishi na bibi aliyewasimulia. Darasa la leo ni la watoto wa nyumba mbalimbali. Kyumbi yenyewe ni njia panda. Baadhi ya watoto wake hawajui mwethya ni nini, na wengine hawana bibi karibu. Watoto kama hao wakiachiwa sungura bila maelezo, huenda wakajifunza kutoka kwake wizi mtupu.

Hoja hii ni nzito, lakini tiba inayoipendekeza si sahihi. Bibi hakuwa kimya. Alikatizwa, akauliza, akaulizwa, akamtazama mjukuu aliyecheka pasipofaa, na kesho yake akamkumbusha sungura wakati wa kwenda kuteka maji. Kilichopotea katika kuiandika ngano ni mazungumzo hayo, wala haliwezi kurudishwa pengo lake kwa sentensi moja ya mwisho. Mwalimu anaweza kuyarudisha kwa njia rahisi. Aisimulie hadithi kabla ya kuisoma. Aisimamishe pale mwanamke mzee anapotumwa kwa bwana mara ya pili, na kuwauliza watoto atarudi na jibu gani. Awape watoto wanaojua mwethya nafasi ya kuwaeleza wenzao, kwa Kikamba kwanza ikiwa ndicho kinachowatoka kwa wepesi, kisha kwa Kiswahili. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilitaka lugha ya eneo itumike katika madarasa ya mwanzo, na hapa pendekezo hilo lina maana kubwa kuliko ya ufundishaji wa kusoma: mtoto hujadili huruma vizuri zaidi kwa lugha aliyohurumiwa nayo.

HITIMISHO

Imejaribiwa kuonyeshwa kwamba tatizo la hadithi za watoto si kukosa maadili. Maadili yamezidi, nayo yamewekwa mahali pasipo pake. Sungura haharibu tabia za watoto kwa kuwa laghai, mradi kisima alichokichafua kiwe kimechimbwa na watu wanaoonekana. Paa hawavunji moyo kwa kufa bila malipo. Adili hapungukiwi na wema kwa kushika mjeledi. Hadithi hizo huharibika pale tu ambapo mhariri, kwa hofu ya kwamba mtoto hataelewa, anaelewa kwa niaba yake.

Kwa hiyo wahariri wa vitabu vya shule wangefanya vyema kuyafuta mafunzo ya mwisho na kuweka mahali pake maswali ambayo wao wenyewe hawana hakika ya majibu yake. Wakusanyaji wa ngano nao, wanapokwenda Ukambani na kwingineko, wana wajibu wa kuandika yaliyosemwa na wasikilizaji pamoja na yale ya msimulizi. Na mtoto wa Kyumbi, atakapoulizwa kama sungura apewe maji, aachwe akae kimya kwa muda. Kimya hicho ndicho ambacho hadithi ilikuwa ikikitafuta.